Oh Happy Day: Mashairi Yako Wapi?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba nianze na ugomvi. Sio ugomvi mkubwa. Ni ule wa kwenye mazoezi ya kwaya, ambao kama umewahi kuwa mwanakwaya unaujua vizuri: tenor wamechelewa, spika inakoroma, na mpiga kinanda (ndiyo mimi) ana wimbo wake mfukoni anautafutia nafasi. Ilikuwa mwaka jana, wiki tano kabla ya Kipaimara parokiani kwetu. Baba Askofu anakuja, vijana wa Kipaimara wako kwenye semina, na sisi kwaya ya vijana tumepewa wimbo wa shukrani baada ya Komunyo. Nikapendekeza "Oh Happy Day".

Mwalimu wetu wa kwaya ni mzee wa miaka sitini na kitu, amefundisha nota tangu enzi za karatasi za stensili. Akavua miwani. "Huo wa sinema?"

Nikasema, ndiyo Mwalimu, huo.

"Hapana." Akavaa miwani, akaendelea na ukurasa wa nne kama vile sijasema kitu.

Kwa asiyeujua, nieleze kidogo. Mwaka 1993 ilitoka filamu inaitwa Sister Act 2. Whoopi Goldberg anavaa kama sista na kwenda kufundisha muziki kwenye shule ya Kikatoliki ambayo wanafunzi wake hawana habari na chochote. Siku moja wanasimama mbele ya wenzao. Kijana mmoja anaanza kuimba kwa woga, sauti kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nje, halafu katikati anapanda juu mpaka ukumbi mzima unasimama. Mimi niliiona nikiwa mdogo, kwenye kibanda cha video mtaani, imetafsiriwa Kiswahili na jamaa aliyekuwa anacheka kabla mzaha haujafika. Wimbo wenyewe hakuutafsiri. Aliuacha upite. Siku ile ndipo niliposema nitajifunza kinanda.

Kwa hiyo Mwalimu aliposema "wa sinema" aligusa mahali. Usiku ule nikaingia mtandaoni na nia moja tu, kumshinda. (Nia mbaya, najua. Nimeshaiungama.)

Na nilichokikuta kilinifurahisha sana. Kumbe wimbo sio wa sinema hata kidogo. Ulitungwa na Philip Doddridge, mchungaji wa Northampton, Uingereza, aliyefariki mwaka 1751. Huyu hakuwa Mkatoliki, niseme mapema. Alikuwa na kawaida ya kutunga wimbo wa kuimbwa baada ya mahubiri yake, ili waumini waende nyumbani na mahubiri mdomoni. Wimbo huu ulichapishwa mwaka 1755, yeye akiwa ameshafariki. Karne ya 19 ukapata tuni nyingine na kiitikio ambacho Doddridge hakukiandika, vinavyohusishwa na Edward Rimbault, mpiga kinanda wa London. Na kwa tuni hiyo ukazoeleka kuimbwa Uingereza na Marekani kwenye ibada za ubatizo na, sikiliza hapa, kipaimara. Niliruka kitandani. Kipaimara! Nikajiona nimeshashinda kesi.

Sasa tuende Oakland, California. Mwaka 1967 kijana mmoja, Edwin Hawkins, pamoja na mwenzake Betty Watson, walianzisha kwaya ya vijana wa Church of God in Christ, Kanisa la Kipentekoste la Wamarekani Weusi. Wakataka kwenda kongamano la vijana, nauli hawana. Wakafanya ambacho hata wewe ungefanya: wakarekodi santuri yao kanisani, mji wa jirani wa Berkeley, kwa vifaa vya kawaida kabisa, wauze kwa watu wapate fedha za safari. Yaani harambee. Ni kama sisi tunavyouza fulana zilizoandikwa mgongoni kwamba aimbaye vizuri husali mara mbili. Katika santuri hiyo mlikuwamo wimbo wa zamani ambao Hawkins aliupanga upya.

Alichofanya naweza kukueleza kwa vidole vyangu, maana nimeucheza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wimbo wa zamani ulikuwa wa mapigo matatu, moja-mbili-tatu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Hawkins akaufanya wa mapigo manne. Akaanza na piano peke yake, taratibu, na ndani yake ukisikiliza unasikia harufu ya Brazil, kwa sababu alikuwa anampenda Sérgio Mendes. Dada mmoja, Dorothy Morrison, anatoa mstari, kwaya inamjibu. Anatoa tena, wanamjibu. Mwanzilishi na waitikiaji: kitu ambacho Mwafrika huhitaji kumfundisha. Wanarudia, wanapanda, wanarudia, na mashairi yote ya mzee Doddridge yameachwa nje. Kimebaki kiitikio tu.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma nikaipita, kama tunavyopita masharti ya programu ya simu. Nimekubali, endelea.

Mwaka 1969 redio za San Francisco zikaanza kuupiga, na nchi nzima ikadaka. Ulifika namba 4 kwenye chati ya Marekani na namba 2 Uingereza, na mwaka uliofuata wakapata Grammy. Watoto wa harambee! Lakini nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Wapo watu wa kanisa walioona aibu kusikia jina la Yesu likichezwa kwenye kumbi ambazo watu wanashika glasi. Nami nikawaza, ahaa, hao ndio akina Mwalimu wa Marekani.

Jumamosi iliyofuata nikafika mapema, nimechapisha kurasa tatu. Mwalimu akazisoma zote, taratibu, kidole kikifuata mstari. Akaniambia, "Umefanya kazi nzuri, kijana." Nikatabasamu. "Sasa, mashairi yako wapi?"

"Mwalimu, kwa mtindo huu hakuna mashairi. Ni kiitikio tu."

"Basi kalete mashairi, halafu tuongee."

Ndugu yangu, unaweza kudhani mzee alikuwa anatafuta kisingizio cha kukataa ngoma. Nami nilidhani hivyo. Lakini haikuwa kweli. Mwalimu huyuhuyu ametunga wimbo wa matoleo kwa mdundo wa ngoma ya kwao, na akina mama wakiupeleka mbele hata mashemasi wanatikisa mabega. Anaijua historia vizuri kuliko mimi. Ndiye aliyewahi kutusimulia kwamba mwaka 1903 Papa Pius X alipiga marufuku piano na ngoma kanisani, kabisa, na kwamba mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukasema mila za muziki za watu wa nchi za misioni ziheshimiwe na zipewe nafasi katika ibada. Mwaka huohuo wa 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, akachapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Leo ukiimba Misa ya Jumapili bila ngoma na kayamba watu wanaulizana kama kuna msiba.

Ugomvi wa mtindo una tabia hiyo popote. Thomas Dorsey, ambaye wengi wanamwita baba wa muziki wa injili wa Wamarekani Weusi, kabla ya hapo alikuwa anampigia piano mwimbaji wa blues Ma Rainey, kwa jina la Georgia Tom. Alipoanza kupeleka nyimbo zake makanisani Chicago, yako makanisa yaliyomfungia mlango, maana zilinuka baa. Leo nyimbo hizohizo ndizo tunazoziita za asili, tunazilinda zisiharibiwe na vijana. Kwa hiyo mtu akiniambia mdundo fulani wenyewe kwa wenyewe ni dhambi, namuuliza kwa heshima: dhambi hiyo itakoma mwaka gani?

Hapo ndipo vijana wengi tunapoishia. Tunasema mtindo ni nguo tu, ujumbe ni uleule. Nilikuwa nasema hivyo kwenye kila mjadala wa VIWAWA na nikapigiwa makofi. Siku hizi sisemi, kwa sababu ni uongo, na mpiga kinanda anayeusema anajua ni uongo. Mtindo unachagua. Mtindo unaojengwa kwa kurudia hauhitaji mashairi manne. Unahitaji mstari mmoja wenye nguvu na mahali pa kupanda. Hawkins hakuyatupa mashairi kwa ubaya. Muziki wenyewe haukuwa na pa kuyaweka. Lakini yakabaki nje, na mimi nilizaliwa, nikaupenda wimbo, nikaucheza miaka tisa, bila kujua kwamba yapo.

Tazama ulivyosafiri baada ya hapo. George Harrison wa Beatles aliusikia ukamgusa, na alikiri mwenyewe kwamba ulimchochea kutunga "My Sweet Lord" mwaka 1970. Mwaka huohuo Billy Preston akautoa wimbo huo wa Harrison, na nyuma yake wakiitikia Edwin Hawkins Singers wenyewe. Katika rekodi ya Harrison mwenyewe waitikiaji wanaanza na neno la Kiebrania la kumsifu Mungu, halafu bila kushtua mtu wanahamia kwenye majina ya miungu ya Kihindu. Ile hali ya moyo, ule mpando, ilihama yote na mizigo yake. Yesu aliyeosha dhambi alibaki kituoni. Simcheki Harrison, alikuwa anamtafuta Mungu kwa bidii kuliko baadhi yetu tunaokaa viti vya kwaya na simu mkononi. Nasema tu kwamba hisia ni abiria mwepesi, anapanda gari lolote.

Wimbo ulirudi nyumbani pia. Mwaka 1987 Aretha Franklin aliuimba na Mavis Staples katika kanisa la baba yake Aretha kule Detroit, na santuri ile aliipa jina linalotoka Waefeso 4:5, kuhusu Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. Ukiwasikiliza wale wamama wawili wakishindana kwa furaha huwezi kusema hapo hakuna sala. Mimi siwezi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Nina rafiki yangu, fundi simu, ana kibanda karibu na kituo cha daladala. Miaka miwili kabla ya ugomvi huu tulikuwa na tamasha la vijana kwenye uwanja wa parokia, jioni, si Misa. Tukaupiga "Oh Happy Day" kwa nguvu zote. Jamaa alikuwa anapita. Alisimama getini, bisibisi mfukoni, mpaka tukamaliza. Jumamosi iliyofuata akaja mazoezini. "Kaka, ule wimbo umenishika hapa," akagusa kifua. Alibatizwa mtoto, Komunyo alipokea, Kipaimara alikuwa hajapata. Tukamkaribisha tenor. Akajiandikisha na mafundisho kwa katekista. Kwa miezi minane hakukosa hata siku moja, na sikufichi, nilikuwa najisifu. Nikimwona nasema moyoni: huyu nimemleta mimi na kinanda changu.

Halafu akapotea. Nikadhani kazi zimembana. Nilipompitia kibandani alikuwa ameinamia simu ya mteja, hakunyanyua kichwa.

"Siku hizi nikiimba sisikii kitu, kaka," akasema. "Mwanzoni nilikuwa nasikia. Sasa naimba tu. Nikaona nisimdanganye Mungu. Labda muda wote ulikuwa muziki tu."

Nikamwambia rudi, itarudi.

"Isiporudi?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua kava ya simu ambayo sikuihitaji, nikaondoka.

Na kosa silo lake. Mtu yule alifuata kwa uaminifu kabisa kile nilichomfundisha. Nilimfundisha kwamba siku ya furaha ndiyo imani. Siku ilipoisha, akahesabu kwamba na imani imeisha, akaondoka kwa heshima, kama mtu mwaminifu anayerudisha kitu kisicho chake. Sisi tunaobaki tukiigiza, sijui kama tunamzidi.

Maana na mimi niseme la kwangu. Kipindi kile nilikuwa na mwaka na zaidi sijaenda kitubio. Nilikuwa napiga Misa mbili kila Jumapili, na nikifika sehemu ile ya wimbo ninapoupandisha nusu sauti, machozi yananitoka. Watu wananiambia, kijana una karama. Lakini mimi ndiye ninayeipandisha hiyo nusu sauti! Naijua hila yake. Ukipandisha wimbo wakati watu wamechoka kidogo, wanasimama, hata ungekuwa unaimba bei za nyanya. Nilikuwa nafanya watu walie, nalia nao, na hakuna aliyekuwa ametubu, wa kwanza mimi.

Mtakatifu Augustino alikuwa na kidonda hikihiki. Alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi kule Milano katika Mkesha wa Pasaka mwaka 387, na anasimulia alivyolia aliposikia nyimbo za Kanisa siku zile. Baadaye, akiwa Askofu, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kitu ambacho ningependa kila mpiga kinanda akisome: kwamba ikitokea uimbaji wenyewe umemgusa kuliko kile kinachoimbwa, anaona ametenda dhambi, na anatamani asingemsikia mwimbaji. Lakini hasemi tuache kuimba. Anakumbuka machozi yake ya mwanzo, anakumbuka walio dhaifu ambao sikio linawasaidia kufika kwenye ibada, na anabaki katikati, anayumba. Nampenda kwa huko kuyumba. Mtu mwenye akili kama ile, na swali hili hakulimaliza.

Basi nikayatafuta mashairi. Niliyapata usiku mmoja nikayasoma kwa kamusi, neno kwa neno. Nilitegemea furaha zaidi. Nikakuta lugha ya mkataba. Anayeimba anasema ameshachagua na ameshafunga makubaliano na Bwana. Anauambia moyo wake uliokuwa unavutwa huku na huku kwamba sasa utulie. Anaahidi kwamba kiapo alichokisikia Mungu siku ile atakisikia tena kila siku, mpaka siku ya kufa. Katika kitabu cha kwanza wimbo ulibandikwa aya ya Maandiko, 2 Nyakati 15:15. Ifungue uisome na aya ya juu yake. Ni habari za mfalme Asa: watu wa Yuda wanamwapia Bwana kwa sauti kuu, kwa kelele, kwa tarumbeta na baragumu, na baada ya hapo Biblia inasema walifurahi. Walifurahia kiapo.

Nilikaa na aya hiyo muda mrefu. Wanaotetea ngoma na vinanda wana haki yao mle ndani, kelele zipo, tena nyingi. Lakini kelele zimepigwa juu ya kiapo. Fikiria harusi. Kule altareni maneno ni machache na hayana mdundo: nakubali, katika raha na taabu. Ukumbini ndiko kwenye MC, vigelegele na keki. Hakuna mtu mwenye akili anayelaumu ukumbi. Lakini kuna mtu anaweza kuhudhuria ukumbini kila Jumamosi ya maisha yake, akacheza kuliko bwana harusi, na akarudi nyumbani kapera. Na bibi harusi, asubuhi yule mume anapoamka amenuna na hasemi, hatafuti ile MC aliyoisikia jana ili ajue kama bado ameolewa. Ameolewa. Alisema nakubali.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kulitoa kibandani, badala ya kununua kava.

Kuna jambo jingine nililigundua kwa aibu. Kile kiitikio ambacho nimekiita chepesi, nilikuwa sijawahi kukisikiliza chote. Baada ya furaha ya kuoshwa dhambi kuna maneno kuhusu kufundishwa na Yesu kukesha na kusali. Unajua aliyafundisha wapi hayo? Gethsemane, Mathayo 26:41. Aliwaambia watu watatu ambao usiku ule walikuwa hawasikii kitu chochote isipokuwa usingizi. Kwa hiyo hata Hawkins aliyeacha mashairi yote hakuiacha bustani ile. Ilikuwepo muda wote katikati ya makofi, nami nilikuwa bize naandaa nusu sauti yangu.

Nikampelekea Mwalimu. Hakusema "nilikuambia", ambalo mimi ningelisema. Alichukua kalamu. Tulikaa wiki tatu kutafuta maneno ya Kiswahili, na tulibishana. Mimi nilitaka "agano", mmoja wa soprano akataka "nadhiri". Mwalimu akang'ang'ania "ahadi", kwa sababu, alisema, siku ile Baba Askofu atawauliza hawa watoto ahadi za ubatizo, wamkatae shetani, waseme nasadiki. Wimbo utumie neno watakalolisikia masikioni mwao dakika kumi kabla. Tukampelekea Baba Paroko. Akayasoma maneno, akayasifu, akasema wimbo utaimbwa baada ya Misa, nje, wakati wa kupiga picha. Mimi nilikunja uso. Mwalimu alisema, "Sawa, Baba," na safari hii niliona alikuwa anamaanisha.

Tukauimba chini ya mwembe. Mashairi kwa mapigo matatu ya zamani, sauti nne, bila ngoma. Kiitikio kwa mapigo manne ya Hawkins, na ngoma na kayamba na kila kitu. Nusu sauti sikuipandisha. Ilinigharimu, vidole vilikuwa vinawasha. Mama mmoja wa WAWATA alinifuata baadaye akaniambia wimbo ni mzuri, mwanangu, ila haukupanda. Nikamwambia, ndiyo mama, haukupanda. Vijana wawili wa Kipaimara waliniomba karatasi ya maneno. Siku ya Alhamisi nilikwenda kitubio, foleni ilikuwa ndefu na sikulia.

Rafiki yangu hakuja. Jina lake lilikuwepo kwenye daftari la katekista, limepigwa mstari kwa penseli, sio kwa kalamu. Jioni ile nilimtumia mashairi yote kwa WhatsApp, maneno matupu bila muziki, na chini yake nikaandika kwamba swali lake la "isiporudi" nilikuwa sijalijibu, na kwamba samahani nilimfundisha wimbo nusu. Tiki mbili za bluu zilitokea palepale. Hajajibu mpaka leo. Jumamosi nitapita kibandani kwake kabla ya mazoezi. Kioo cha simu yangu kimepasuka, safari hii kweli.